Kopo la Mama Ukutani

Siku mama alipofariki, baba alitaka kumwosha kwa mikono yake mwenyewe. Alisema sheria inampa mume ruhusa hiyo, na kweli inampa. Lakini Lalla Hniya, mwosha maiti wa mtaa wetu, aliiangalia miguu ya baba inavyotetemeka, akamshika mkono na kumtoa hadi uani.

"Bwana Allal, ukianguka humu ndani tutaosha wawili," alimwambia. "Wewe kazi yako ni moto. Tuletee maji."

Baba aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho kwenye mlango tuliomfungia. Niliogopa atabaki hivyo hivyo hadi kufa kwake, mtu aliyeachwa nje bila kumuaga mkewe.

Mama yangu, Rqia, alisugua migongo ya wanawake wa mji wetu wa Sefrou kwenye hamamu, bafu la mvuke la mtaani, tangu kabla sijazaliwa. Alituzaa, na arubaini ikiisha alirudi kwenye mvuke, sisi tumelazwa kwenye kapu la nguo pale wanawake wanapovulia. Baba alikuwa nyuma ya ukuta, akilisha tanuri kwa vumbi la mbao na kokwa za zeituni. Kutwa hawakuonana. Walizungumza kwa kopo la shaba. Mama akigonga ukuta mara moja, maji yamepoa. Akigonga mara mbili, punguza, unatuchemsha. Jioni mteja wa mwisho akitoka, aligonga harakaharaka kama mtu anayefukuzwa, maana yake toka, twende nyumbani. Naye alimkuta baba mlangoni, shali yake mama iko begani kwa baba, imeshaingia masizi.

Wanawake walimcheka. Walimwambia anautakatisha mji mzima, mume wake tu ndiye kamshinda.

"Namwacha hivyo makusudi," mama alikuwa akijibu. "Akitakata mtaniibia."

Sasa amelala mbele yetu, mimi, shangazi na Lalla Hniya, na maji ya ndoo ya kwanza, aliyoyaleta jirani, yalikuwa baridi. Lalla Hniya alisema si kitu, maiti hasikii baridi. Mimi nikatia mkono, nikashindwa kuyamwaga. Mama hakummwagia mtu maji ambayo hayajapita kwenye kiwiko chake kwanza, awe tajiri, awe mtoto wa kuokota. Nikachukua kopo lake, nikagonga mlango mara moja.

Nikasikia ndoo ikibingirika uani, na kuni zikivunjwa.

Maji yakaletwa mlangoni yakifuka. Nikayajaribu kwa kiwiko, nikagonga mara mbili.

"Haya, haya, nimesikia," baba akanung'unika huko nje, sauti ile ile ya siku zote.

"Rqia bado anamtuma," alisema Lalla Hniya, na shangazi yangu akacheka, kisha akajifuta macho kwa mkono wa gauni.

Tulimwosha polepole. Viganja vyake vilikuwa vimekunjamana na kuwa vyeupe, vya mtu aliyeishi majini. Nilimsugua mgongo kwa kiganja kitupu, kwa sababu maiti hasuguliwi kwa nguvu, na kwa sababu nilikumbuka kwamba yeye mgongo wake mara nyingi aliuosha mwisho, kwa maji yaliyobaki. Leo yalikuwa mengi, na ya moto kama alivyoyapenda. Ya mwisho tukayatia kafuri. Tukamvika sanda.

Lalla Hniya akanitazama, akalitazama kopo. Nilijua anachotaka. Mkono haukuinuka, maana nikigonga ndiyo imekwisha.

"Gonga, mwanangu," alisema. "Asikae nje akingoja."

Nikagonga harakaharaka.

Mlango ukafunguka taratibu. Baba alikuwa amenawa uso na mikono hadi viwikoni kwa maji yaliyosalia, ametakata hata nusura nisimtambue. Shali ya mama ilikuwa begani mwake. Akapita katikati yetu, miguu haitetemeki tena, akamtandikia ile shali juu ya sanda.

"Nimekuja, Rqia," alisema. "Twende."