Ripoti ya Tume kuhusu Friwili ya Shangazi Scovia

Kwa heshima na taadhima, mimi, Bonface Osoro, mwanafunzi wa kidato cha tatu na naibu kiranja wa bweni mstaafu, nawasilisha kwa umma ripoti ya Tume Maalumu ya Kuchunguza Mabadiliko ya Sauti katika Gurudumu la Nyuma la Baiskeli ya Shangazi Scovia. Tume ilikuwa na mwanachama mmoja, ambaye ni mimi. Mhalifu pia alikuwa mmoja, ambaye ni mimi vilevile. Na huo unaibu sikustaafu. Nilivuliwa baada ya wiki mbili, kwa jambo linalohusu kengele ya chakula.

Shangazi ni mhudumu wa afya wa jamii katika mashamba ya miwa upande wa Rongo, Migori inapopakana na Homa Bay. Baiskeli yake ilisikika kabla ya kuonekana. Friwili, lile gurudumu dogo la meno linalobeba cheni nyuma, lina kucha mbili za chuma ndani. Ukikanyaga pedali, kucha hushika na baiskeli huenda. Ukiacha kukanyaga, huruka juu ya meno na kulia tik-tik-tik. Ya shangazi kucha moja ilikuwa imelika, kwa hiyo ililia tik-tak, tik-tak, kama mtu aliyevaa kiatu kimoja.

Sauti hiyo ilikuwa na kazi. Kambini kwa wakata miwa aliishi Gisiri, Mkuria mrefu mwenye kifua kikuu, aliyebakisha wiki tatu kumaliza miezi sita ya dawa. Alilala na wenzake kumi na wanane na hakutaka hata mmoja ajue, maana yule aliyejulikana kabla yake alifukuzwa na sahani yake ikachomwa moto. Dawa zake zilikaa kwa shangazi. Kila asubuhi, kabla trekta halijaja saa moja na nusu kuwabeba wakata miwa, shangazi aliteremka mteremko wa kambi bila kukanyaga. Hakuita jina la mtu. Gisiri, akiwa ndani ya kibanda cha mabati, alisikia tik-tak, akachukua panga lake akaenda mtoni kulinoa. Huko alimeza vidonge shangazi akimtazama. Kambi nzima ilijua tu kwamba Gisiri anapenda panga kali.

Mimi hayo sikuyajua. Nilichojua ni kwamba Jumamosi, baada ya kanisa na chakula, watu wote kwa shangazi, nilikokuwa likizoni, hulala, na Rongo kuna mpira. Sabato iliyotangulia nilikamatwa nikiitorosha baiskeli kabla sijafika langoni, nimesalitiwa na friwili. Safari hii niliyeyusha mafuta ya kupikia, yale meupe ya mkebe, nikalaza baiskeli ubavu, nikayamimina katika ule mwanya wa friwili huku nikizungusha gurudumu. Ikanyamaza. Nilitoka langoni kama paka, nikarudi kama paka, nikajipongeza.

Usiku ule mafuta yaliganda.

Jumapili asubuhi shangazi aliteremka kimyakimya na hakuna aliyetoka. Alingoja mtoni mpaka trekta likapiga honi. Alipotaka kupanda kilima kurudi, pedali zikazunguka bure, kwa sababu kucha zilikuwa zimenata ndani ya mafuta na hazikuinuka kushika. Akaisukuma baiskeli mpaka nyumbani. Mchana aliipeleka kwa fundi Kerosi pale sokoni, jua kali likiyayeyusha mafuta na kuyachuruzisha kidogo, nami nikafuatana naye kama mtaalamu. Kerosi aliinua gurudumu, akalizungusha. Tik-tak, tik-tak.

"Hii iko sawa, mama."

"Asubuhi ilikuwa bubu."

"Labda ilikuwa imelala. Hata yangu huwa haitaki Jumapili."

"Kerosi, nimeisukuma kilima chote kile na miguu yangu hii."

"Basi lete asubuhi. Mgonjwa akija amepona, nitibu nini?"

Nilikohoa, nikaeleza kwamba katika fizikia chuma husinyaa kwa baridi, na kwamba umande wa miwa una sukari. Kerosi akamgeukia shangazi.

"Huyu anasoma wapi?"

"Bweni," shangazi akasema.

"Ada mnalipa yote?"

Jumatatu ilikuwa vilevile. Alfajiri kimya, saa sita mchana tik-tak. Shangazi alianza kuamka saa kumi na moja, anaizungusha, anaitegea sikio, anakaa, anasimama tena. Chai yake ilipoa mezani. Mimi nami sikutulia. Nilifungua kitabu cha kemia mara nne katika ukurasa uleule. Utani mzuri una mwisho, watu wanacheka, mtu anarushiwa kandambili. Huu ulikuwa hauishi.

Jumanne alikwenda kambini kwa miguu, amebeba vyandarua kama kisingizio. Wakata miwa wote wakamgeukia.

"Daktari, leo unamtafuta nani?"

"Nahesabu vyandarua."

"Hesabu basi. Hatuumwi sisi."

Gisiri alimwona. Lakini macho yote yalikuwa kwa shangazi, na mtu kunyanyuka na panga wakati huo ilikuwa sawa na kujitangaza. Alikaa pale pale, akafunga kamba za viatu vilivyokwisha kufungwa.

Jioni, tukichambua mboga, shangazi alinieleza yote hayo kwa mara ya kwanza. Hakulitaja jina la mtu wala ugonjwa. Alisema tu "mtu wangu wa kambini" na "dawa". Hayo mengine niliambiwa na mwenyewe, baadaye.

"Siku tatu hajameza," akasema. "Kesho asipotoka lazima nipigie kliniki. Watatuma mtu na jina lake kwenye karatasi, aulize kambi nzima. Atakimbia, Bonface. Namjua. Atavuka kwenda Tanzania na ugonjwa wake."

"Labda... labda hasikii, Anti."

"Hata mimi nafikiri hivyo. Lakini mchana inalia. Naonekana mwendawazimu."

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Nikaomba ruhusa ya kwenda kufunga kuku. Kabla giza halijaingia nilikuwa nyuma ya jiko na chupa ya mafuta ya taa, nikasafisha friwili mpaka likatoa maji meupe, kisha ya kijivu, kisha mafuta ya taa matupu. Nikalizungusha. Halikunyamaza tena. Lilikuwa kavu, bila tone la grisi hata ile ya zamani, na lilipiga kelele kama kinu cha posho. Nikajiambia kelele ni kelele, atasikia tu.

Jumatano Gisiri alisikia kweli. Alisikia baiskeli ya mtu mwingine. Miezi mitano alikuwa amezoea tik-tak ya kiatu kimoja, na sasa barabarani ilipita krrrr asiyoijua. Hakutoka.

Shangazi alirudi saa moja na dakika kumi. Aliegemeza baiskeli ukutani, akapangusa friwili na spoki za karibu nalo kwa kitambaa, akakinusa. Akanusa tena. Kisha akakikunjua mbele yangu. Palikuwa na donge jeupe katikati, na sisimizi watatu wakilishughulikia.

"Mafuta ya taa," akasema. "Na haya mengine ninayajua, nayapikia." Simu ilikuwa tayari katika mkono wake wa kushoto. "Endelea na fizikia."

"Anti..."

"Nakusikiliza."

Nilisema yote, mpira, mkebe, mwanya, chupa. Nilisema haraka kwa sababu saa ilikuwa ukutani juu ya kichwa chake. Hakunipiga. Aliweka simu mezani, kifudifudi, akachukua mfuko wa dawa.

"Mimi nakwenda mtoni. Wewe kimbia kambini ukaseme hivyohivyo."

"Nimwambie nani?"

"Waambie wote. Wa kwangu ataelewa."

Nilikimbia katikati ya miwa, majani yakinichana mikono. Trekta lilikuwa limeshawaka. Watu walikuwa wakipanda tela. Nilikuwa nimetunga hotuba njiani, yenye utangulizi, na utangulizi wote ukapotea.

"Wazee, samahani. Mimi ni mtoto wa kwa Scovia, yule wa baiskeli. Baiskeli yake imekuwa kimya tangu Jumapili kwa sababu niliitia mafuta ya kupikia. Na ile ya leo iliyolia vibaya ni yeye, ni ileile. Nimeiharibu mimi. Nimekuja kuomba msamaha."

Tela zima likacheka.

"Sasa tukusamehe sisi ama friwili?"

"Dereva, mpe huyu maji."

"Mafuta ya kupikia, jameni. Na sisi tunachemsha mboga kwa chumvi tu."

Mtu mmoja mrefu, mguu mmoja tayari juu ya tela, hakucheka. Aliushusha mguu ule taratibu.

"Panga langu butu," akamwambia dereva. "Dakika tano."

"Wewe na panga lako."

"Dakika tano tu."

Alinipita akielekea mtoni, nami nikamfuata kwa sababu sikujua la kufanya na miguu yangu. Tulipofichwa na miwa alikohoa, akapunguza mwendo bila kugeuka.

"Siku nne nakaa macho nikisikiliza barabara," akasema. "Nilidhani mama yule amenichoka."

"Hajakuchoka," nikasema. "Alipita kila siku. Ni mimi. Ni mimi peke yangu."