Tundu la Bolti

Miaka tisa mume wangu Delmar amekuwa akiunda ndege ndani ya gereji yetu, na gari langu limelala nje kwenye theluji ya Wisconsin. Sikulalamika. Haya, nililalamika, ila kwa adabu.

Jumamosi hiyo mabawa yalikuwa yameshapachikwa. Kilichobaki ni kulinganisha mwinamo wake, kisha kutoboa tundu la bolti kwenye kila bawa. Tundu likishatobolewa, basi. Bawa likikaa kombo, ndege italalia upande mmoja maisha yake yote, na kiti cha abiria ni changu.

Delmar aliweka pimamaji ya marehemu baba yake juu ya bawa la kushoto. Povu la hewa ndani yake likatulia katikati, kama lilivyotulia kwenye bawa la kulia. Akashika drili.

Jirani yetu Norbert, aliyejenga nusu ya mazizi ya wilaya hii, alikuwa amesimama mbele ya ndege, kafumba jicho moja.

"Hiyo ni tofauti," akasema.

Kwetu mtu hakwambii umekosea. Akionja chakula chako akasema "ni tofauti," kamwagie mbwa. Masikio ya Delmar yaliiva.

"Tofauti vipi? Povu si hilo liko katikati?"

"Mimi sijasema kitu, jirani. Toboa tu."

"Usitoboe," nikasema. "Igeuze hiyo pimamaji, mbele iwe nyuma."

"Verna, hii ni ya baba."

"Na mimi ni mkeo, nitakaa humo."

Akaigeuza kwa hasira. Povu likakimbilia pembeni. Pimamaji yenyewe ilikuwa mbovu. Na kwa kuwa Delmar, akisimama kwenye ncha ya kila bawa, hutaka jina la baba yake lililochongwa ubavuni limtazame, kushoto aliiweka hivi, kulia akaiweka kinyume. Bawa moja likainukia mbele, jingine nyuma, kosa likawa mara mbili.

"Baba aliijenga nyumba hii kwa pimamaji hiyo," akasema polepole.

Nikaelewa kwa nini mayai hubingirika kwenye rafu zangu. Nilimwonea huruma.

Wakapima upya kwa pimamaji ya Norbert mpaka alasiri. Kisha Delmar akanipa drili.

"Toboa wewe. Abiria ni wewe."

Nikatoboa yote mawili. Norbert akachungulia mabawa tena, akakohoa.

"Si mbaya."

Hata siku ya harusi ya binti yake hakusema hivyo. Delmar alitugeuzia mgongo akajifanya anatafuta bolti, nami nikamwacha aitafute, ilhali nilikuwa nimeishika mkononi.