Kiwiko cha Mbaraka

"Weye Chausiku! Kunguru zinakula, na weye unalala!"

Kiatu cha Bi Mwanahamisi kilipita juu ya kichwa cha Chausiku, kikaanguka katikati ya ndagala zilizoanikwa mchangani. Kunguru kama ishirini wakaruka kwa pamoja, kila mmoja na samaki wake mdomoni. Chausiku alishtuka. Alikuwa amekaa kitako, fimbo ya kufukuzia ndege mkononi, mate yamemtoka pembeni mwa mdomo. Hakujua amelala kwa muda gani. Alijua tu kwamba jua lilikuwa mbele yake, na sasa lilikuwa mgongoni.

"Sikulala, bibi. Nilifumba macho kidogo."

"Kidogo! Hii yote iko kidogo?"

Bi Mwanahamisi alinyoosha mkono. Upande mzima wa mchanga ulikuwa mtupu, umebaki na alama za kucha za ndege.

Bi Mwanahamisi ndiye aliyegawa mchanga wa kuanikia ndagala pale ufukweni mwa ziwa, Rumonge. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Aliirithi kwa mama yake, na mama yake aliipata kwa nani, hakuna aliyethubutu kuuliza. Kila mwanamke alikuwa na kipande chake, na kwa zamu mmoja alilinda vya wote wakati wenzake wanapika na kufua. Zamu tatu za Chausiku zilikuwa zimeishia tumboni mwa kunguru.

"Mara ingine moja tu," Bi Mwanahamisi alisema akiokota kiatu chake, "na kipande chako ninampa Riziki. Sina ubaya na weye, mwanangu. Lakini mutu hawezi kulinda, hawezi kuanika."

Aseme atakaye kusema, Chausiku hakuwa mvivu. Alijua kuanika kuliko wengi: ndagala zisilaliane, zigeuzwe jua likifika utosini, ziondolewe kabla ya umande. Kile kipande cha mchanga ndicho kilichomfanya aitwe mwanamke wa ufukweni na si mke wa mvuvi tu, na alikipenda. Lakini usingizi ulimkamata popote. Ulimkamata akisonga ugali. Siku moja ulimkamata kwenye sijda, na wifi yake akakaa akimngoja kwa heshima, akidhani anaomba dua ndefu.

Cha ajabu, usingizi wenyewe ulifuata mwezi. Siku za giza, wanaume walipotoka na taa zao kwenda kuvua, Chausiku aliamka asubuhi na kichwa kizito, kama mtu aliyetwanga chikichi za mawese usiku kucha. Siku za mbalamwezi, samaki wanapotawanyika na mitumbwi ikalala nchi kavu, alikuwa mwepesi, anaimba, anafagia hata ua wa jirani. Yaani alikuwa macho wiki ambazo hakukuwa na cha kulinda.

Wanawake walikaa, wakalijadili jambo hilo, wakalimaliza. Ni jini la ziwa. Linangoja waume watoke, halafu linapanda kuja kumkalia kifuani. Bi Mwanahamisi mwenyewe alileta ubani na hirizi, wakamfukiza Chausiku jioni tatu mpaka akakohoa. Mwezi ulikuwa unakua. Wiki iliyofuata akaamka mzima, macho meupe, na Bi Mwanahamisi akautangazia ufuo mzima kwamba jini limekimbilia ng'ambo, Kongo.

"Limekwenda kabisa," Chausiku alimwambia mumewe jioni hiyo, akiishika hirizi yake. Mbaraka alikuwa ameketi uani akishona wavu, mbalamwezi imejaa. Alicheka mpaka sindano ya wavu ikamtoka. Halafu akaacha kucheka, akatazama chini.

"Chausiku. Dawa siyo ubani," alisema. "Dawa ni hiki kiwiko changu."

"Kiwiko gani?"

"Ukilala chali, unakoroma. Sawa, watu wanakoroma. Lakini weye unakoroma, halafu unanyamaza. Pumzi inakatika. Ninahesabu: kumi, kumi na tano, siku ingine ishirini. Halafu unavuta hewa kama mutu ametoka chini ya maji. Halafu tena. Njo hapo ninakusukuma na kiwiko, unageuka ubavu, inatulia. Usiku wote niko nasukuma."

"Tangu lini?"

"Tangu arusi."

"Miaka tisa! Na hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba muke wangu anakoroma mpaka bata za Bi Mwanahamisi zinamujibu?"

Chausiku alitaka kucheka, lakini aibu ilimpanda kwanza, na nyuma ya aibu ikaja hofu. Alielewa. Jini halikungoja waume watoke. Siku za giza kiwiko kilikuwa ziwani.

"Na ukiwa huko majini?" aliuliza. "Nani ananigeuza?"

Mbaraka aliiokota sindano ya wavu. "Njo maana sisemi," alisema. "Nikiwa huko ninavuta wavu, na ninamuomba Mungu. Wenzangu wanaogopa mawimbi. Miye ninaogopa kurudi asubuhi, nikute mulango umefungwa bado."

Usiku ule Mbaraka alitoa maboya matatu ya mti mwepesi kwenye wavu mkuukuu, akayashona ndani ya kipande cha kitenge, akakifanya kama mshipi mpana wa kufunga mgongoni. Alishona kwa uzi wa wavu, mafundo yale yale ya kukamatia samaki. Hakikuwa kitu cha kupendeza. Chausiku alipokivaa mara ya kwanza, kivuli chake ukutani kilikuwa na nundu.

"Mwalimu anasema kulala ubavu wa kuume ni sunna," Mbaraka alisema kwa kumbembeleza.

"Mwalimu hakusema kulala na mitumbwi mugongoni."

Usiku wa kwanza hakulala kabisa. Kila alipogeuka, maboya yalimchoma mbavu. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na saa tisa za usiku akakitupa uani. Usiku wa pili alikivaa kwa hasira. Mbaraka alikwangua pembe za maboya kwa kipande cha chupa mpaka yakawa laini, akakishusha kidogo, akakaza kamba ya kifuani. Usiku wa tatu kamba ilimbana, wakalegeza. Usiku wa nne Chausiku alilia, akasema afadhali jini, kwa maana jini angalau halina mafundo. Mbaraka alikishika kile kitu magotini, akatafuta fundo linaloumiza, akalifungua na kulifunga upya upande wa nje.

Usiku wa saba Chausiku hakukumbuka kitu. Alifumbua macho, kumekucha, na Mbaraka amejinyoosha kando yake, mikono yote miwili chini ya kichwa chake mwenyewe.

"Sikukugusa," alisema. "Hata mara moja. Nimehesabu mpaka nimechoka kuhesabu, pumzi inakwenda tu."

Chausiku alikaa kitandani akiugusa mshipi wake mbaya. Furaha ilimjia taratibu, ikamjaa. Lakini mwezi ulikuwa umeanza kupungua, na mtihani wenyewe ulikuwa bado.

Giza lilirudi mwisho wa Juni. Jumamosi hiyo, jioni, ufuo mzima ulikuwa na jambo moja mdomoni: kesho ni uhuru. Watu wataiona bendera mpya mjini, ngoma zitapigwa, wanawake wameshona vitenge vya aina moja. Na wavuvi walisema ziwa limejaa, ndagala zitakuwa nyingi kupita mwaka mzima.

"Nani atalinda kesho?" Bi Mwanahamisi aliuliza.

Kila mmoja alianza kutazama vidole vya miguu yake.

"Miye," Chausiku alisema.

Wakacheka, Riziki kuliko wote. Bi Mwanahamisi hakucheka. Uso wake ulikuwa umechoka, macho yamezungukwa na weusi. "Hizi ni ndagala za ufuo wote, Chausiku. Zikiliwa, sitapiga kelele tena. Unajua."

"Zikiliwa, mupe Riziki mchanga."

Usiku ule alilala peke yake, mshipi mgongoni, mume wake mbali katikati ya taa za ziwani. Asubuhi kichwa hakikumuuma. Aliamka kabla ya adhana, akaenda ufukweni kumngoja Mbaraka, na mtumbwi ulipogusa mchanga Mbaraka aliruka majini kabla haujasimama. Alimtazama usoni.

"Nikae na weye leo?" alisema baadaye, walipokwisha kuanika.

"Ukikaa, watasema ni weye umelinda. Nenda kacheze."

Akaenda. Wote wakaenda. Mchanga ukabaki mweupe kwa ndagala, kutoka majini mpaka kwenye michikichi, na Chausiku peke yake katikati na fimbo. Ngoma zilianza mjini, zikaja mpaka ufukweni pamoja na vigelegele. Alipita mstari kwa mstari, akigeuza samaki, na kwa kuwa hakuna aliyemwona, alicheza. Alicheza na fimbo yake, mabega juu, nyonga pole pole, na kila kunguru aliyetua alipata uhuru wa kuondoka upesi.

Kisha ikafika saa nane, saa yake mbaya. Joto lilisimama. Hata ngoma zilipumzika. Chausiku aliketi makusudi, mahali pale pale alipotupiwa kiatu, akaungoja usingizi, kama mtu anavyomngoja mgeni ambaye siku zote hapigi hodi. Alingoja. Aliyatazama mawimbi, akazitazama ndagala zikikunjamana kwa jua. Usingizi haukuja. Machozi yalimtoka, naye akayaacha yatoke, kwa sababu alikuwa na miaka ishirini na saba na hii ilikuwa mara ya kwanza kuona mchana wote wa siku ya giza, mwanzo mpaka mwisho.

Wanawake walirudi jua likishuka, sauti zimewakauka, majani waliyojipamba yamebaki vichwani. Walisimama walipouona mchanga. Bi Mwanahamisi alitembea mstari wa kwanza mpaka wa mwisho akiinama, akitafuta alama za kucha. Aliokota ndagala moja, akaikunja. Ikavunjika kwa mlio mkavu. Akaila.

"Kusanyeni," alisema tu.

Wakakusanya. Riziki alimpa Chausiku kipande cha muwa alichokuwa amejiwekea. Makapu yalipojaa na wengine wakapanda nayo nyumbani, Bi Mwanahamisi alibaki nyuma akijifanya anafunga kilemba.

"Wanasema Mbaraka amekutengenezea kitu cha mugongoni," alisema.

"Nani anasema?"

"Rumonge yote." Alifunga kilemba, akakifungua tena. "Hadji, mume wangu. Yeye naye pumzi inakatika. Miaka kumi na mbili niko macho, nasukuma. Nilisema ni uzee, nikanyamaza, mume hasemwi. Njo maana niko na kisirani hivi, mwanangu. Silali."

Chausiku alimtazama. Aliweka kapu chini, akatoa uzi uliokuwa umefunga kapu, akaunyoosha kati ya mikono yake.

"Mugongo wake iko namna gani?" aliuliza.

Kule mjini ngoma zilikuwa zimeanza upya. Bi Mwanahamisi alifikiri, akasimama wima kwenye mchanga mtupu, akafungua mikono yake miwili, akaipanua tena kidogo, na Chausiku akamsogelea na uzi.