Sindano ya Shangazi

Nyumbani walimwita Daktari wa Panya, kwa sababu alisomea udaktari, kisha badala ya kutibu watu akaishia maabara kuchunguza neva za panya. Jina hilo alilibuni shangazi yake, mwenye saluni, na kila lilipotajwa mezani watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hata mwenyewe alicheka. Mchana ule, kwenye korido ya hospitali, hakuna aliyekuwa na hamu ya utani.

Mdogo wake, Kitinda, alikuwa amelazwa tangu asubuhi. Kope zilimwangukia, ulimi ulikuwa mzito, maji hayakupita kooni, na mikono ililegea kama nguo mbichi. Akili yake ilikuwa timamu kabisa. Daktari wa zamu alidhani ni kiharusi, lakini picha ya ubongo ilitoka safi.

"Amechomwa sindano yoyote karibuni?" akauliza.

"Vitamini za ngozi tu," shangazi akadakia. "Nilimchoma mwenyewe juzi. Bi harusi huyu, lazima ang'ae."

Daktari wa Panya alimkazia macho. Shangazi alikuwa akilia, lakini paji lake lilikuwa laini kama yai, halikunjamani hata kidogo. Hapo damu ikamchemka.

"Shangazi, hizo si vitamini."

"Usinivunjie heshima mbele za watu!"

Akamshika mkono, akamvuta hadi dirishani. Alitaka aeleweke neno kwa neno.

"Nisikilize. Kwenye ncha ya neva kuna vifuko vidogo vya kemikali ya kuamsha msuli. Kuna protini zinazojisokota pamoja kama nyuzi za kamba. Zinakivuta kifuko mpaka kigande kwenye ukuta wa neva, kisha kinafunguka kitundu, kemikali inamwagika. Kitundu kisipofunguka, msuli haupati habari. Dawa yako ya makunyanzi ni sumu inayokata uzi mmojawapo. Ikiwa kidogo, paji linatulia. Ikizidi, inasambaa mpaka kwenye misuli ya kupumua! Ipo dawa ya kuinasa, lakini inainasa ikiwa bado kwenye damu. Ikishaingia ndani ya neva, hakuna cha kuitoa. Wewe unadanganya, na nyuzi zake zinazidi kukatwa. Chupa iko wapi?"

Baba yao, aliyekuwa amesimama kando, akajitia kati. "Mwanangu, punguza sauti. Huyu ni dada yangu. Haya tutayamaliza nyumbani."

"Nyumbani tutamaliza nini, baba? Matanga?"

Baba akainua kofi. Likabaki hewani, kisha akalishusha. Shangazi akatazama sakafu, akafungua mkoba wake, akatoa kichupa kisicho na nembo yoyote.

Kilikuwa mkobani muda wote. Tangu asubuhi, wakati Kitinda anasukumwa kutoka chumba hadi chumba, kilikuwa kwapani kwa shangazi.

"Nilinunua mtandaoni," akanong'ona. "Vipimo sikuvijua."

Daktari wa Panya alimpokonya, akamkimbilia daktari wa zamu. Dawa ilipatikana na Kitinda akatundikiwa dripu, lakini kabla ya jioni kifua kilishindwa kupanda, akaunganishwa na mashine ya kupumulia. Dada mtu alisimama miguuni pa kitanda akiuma meno. Sumu iliyokuwa kwenye damu ilinaswa. Iliyotangulia kuingia ilikuwa imeshafanya yake, na sasa ilibidi kusubiri neva zitengeneze protini mpya, taratibu, kwa kasi yake.

Kesho yake alikwenda polisi. Shangazi akakamatwa, saluni ikafungwa. Baba akaacha kupokea simu za Daktari wa Panya. Jamaa waliokuja kumjulia hali mgonjwa walimpita mlangoni kama wanapita kabati.

Wiki zikapita. Harusi ikaahirishwa. Kope za Kitinda zikaanza kuinuka, kisha vidole, na hatimaye mpira wa kupumulia ukatolewa. Sauti yake ilikwaruza.

"Shangazi yuko wapi?"

"Mahabusu. Nimemshitaki."

Kitinda akatokwa machozi. "Ni yeye aliyetulea baada ya mama, dada. Umefanya hivyo kwa ajili yangu, au kwa hasira zako?"

"Vyote viwili."

"Basi ifute hiyo kesi."

"Siifuti. Alikuona huwezi kumeza hata maji, akaubana mkoba."

Kitinda akageuza uso, akauelekeza ukutani.  Daktari wa Panya akaona shingo imegeuka yenyewe, bila kusaidiwa. Alitamani kushangilia, lakini bado alikuwa na hasira, akavuta kiti, akakaa.