Udongo Uliovuka Malaba

Jumatatu asubuhi watoto wa shule ya misheni pale Kwapa walifika na majembe yao, wakakuta shamba la shule halipo. Limebaki shimo la kina cha goti, safi kama sufuria iliyolambwa. Mwalimu Asekenye alitazama nyayo za udongo wenyewe zilivyoteremka kuelekea mto Malaba, akasema, "Haya, wekeni majembe chini."

Hakuna aliyeshangaa. Tangu vita vya Hitila vianze, Bwana Shamba alikuwa ameagiza pamba, na baada ya pamba, pamba tena. Asekenye ndiye aliyewafundisha watoto kwa mikono yao: ukishavuna ulezi, panda kunde, mwaga samadi, kisha acha shamba lilale. Masomo yote yalifanyika palepale shambani, na udongo nao ulikuwa unasikiliza.

Akol, msichana mwenye mdomo kuliko darasa zima, alipanda juu ya kichuguu.

"Mwalimu, naiona! Imelala ng'ambo, upande ya Kenya. Nyasi imeshaota mgongoni."

"Inafanya nini?"

"Inapumzika. Si ulituambia?"

Kabla jua halijakaza akafika Chifu Omoding kwa baiskeli, bado ananuka pombe ya ulezi. Akachungulia shimo.

"Polisi wa Kenya wananiuliza udongo gani hii inatembea bila kipande ya kuvuka mpaka," akasema, akamgeukia Asekenye. "Binti ya Edeku, sikia. Bwana Shamba anakuja kesho. Akikosa mbegu ndani, mwenye shamba ni baba yako. Mgongo ya mzee itabeba viboko tena?"

Edeku ndiye aliyeipa shule lile shamba. Alipochelewa kupanda msimu uliopita alichapwa, na tangu hapo analala kifudifudi. Asekenye ndiye anayempaka samli kila asubuhi. Aliwaongoza watoto mpaka mtoni.

Omoding alifoka amri mpaka sauti ikakauka. Udongo haukugeuka. Asekenye akauita kwa upole. Ukajivuta nyuma kidogo.

"Uiteni nyinyi," akawaambia watoto. "Nyinyi ndio mnaulisha."

Akol akakunja mikono kifuani.

"Mwalimu, ulisema ikichoka tuiache."

"Nilisema."

"Sasa?"

"Sasa iite, mwanangu."

Akol alimtazama kama mteja anavyomtazama muuza samaki waliooza. Kisha akaita, ule wito mrefu wa kuwarudisha ng'ombe jioni, na wenzake wakadakia. Ng'ambo, udongo ukainuka, ukajikung'uta umande, ukaingia majini polepole usije ukachukuliwa na mkondo. Ulipotoka uliwapita Asekenye na Omoding bila kuwaangalia, ukawafuata watoto mpaka shimoni, ukajilaza.

"Ng'oeni hizo nyasi," akasema Omoding.

Wakazing'oa. Moja moja, kwa vidole, kama watu wanaotoa miiba kwenye mguu wa ndugu. Bwana Shamba alipokuja kesho yake aliikuta mistari ya pamba imenyooka, akawasifu, akaahidi gunia jingine la mbegu. Edeku hakuguswa msimu ule.

Lakini jana yake, wakati wa kupanda, Asekenye alikuwa amechutama pale Akol alipochoma tundu la kwanza. Aliona kila kitu. Mbegu ya pamba ilipoingia, udongo ulijisogeza kidogo, kama mwenyeji mwenye mkeka mmoja anavyompisha mgeni aliyekuja kukaa.