Sakafu Inayotoka Jasho

Esha alipotoka jikoni, mama mkwe wake, Bi Mwanarusi, alikuwa amefika katikati ya ukumbi. Alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha mbele, viganja amevibandika sakafuni huku na huku, akijivuta kidogo kidogo kuelekea mlango wa uani. Leso ameikunja na kuibana kiunoni isije ikalowa. Kila alipojivuta alishusha pumzi, na kila aliposhusha pumzi alimtaja Mola kwa sauti ya chini, mfano wa mtu aliyebeba mzigo asiotaka wengine waujue uzito wake.

"Mama, ungeniita," Esha alisema.

"Nikuite mara ngapi kutwa? Una chungu motoni."

Esha alichuchumaa akampa mgongo. Bi Mwanarusi aliukwea, akamzungushia mikono shingoni, na Esha akainuka akiwa amejishikilia ukutani. Alitembea akiburuza nyayo, akichungulia kila mahali palipong'aa kabla ya kupakanyaga. Walipofika chooni, mama mkwe alimkumbusha kama alivyomkumbusha siku zote: "Na Boga asijue. Uliniapia."

"Niliapa, mama."

Sakafu yenyewe ilikuwa nyekundu, imepigwa niru, ule uji wa saruji tupu unaosuguliwa kwa mwiko, ikawa laini kama mgongo wa sahani. Boga, mumewe Esha, fundi wa saruji, aliimimina kwa mikono yake, kuanzia barazani, ikapita ukumbini hata kizingiti cha uani, nayo ndiyo iliyokuwa sakafu ya kwanza ya saruji katika mtaa wao wa Msambweni. Watu walikuja kuitazama. Bi Mwanarusi aliwapokea barazani, akiwaamuru wavue viatu, hata wale waliokuja pekupeku aliwaambia wapanguse nyayo. Ukoo wa marehemu Chirau, mumewe, uliwahi kusema kwamba mtoto anayelelewa na mjane hatasimamisha hata banda la kuku. Hao nao walikuja. Walijiona nyuso zao chini, wakanywa kahawa, wakaenda zao kimya.

Lakini nyumba ilikuwa karibu na bahari kiasi kwamba chumvi ilitua hata midomoni mwa vikombe, na siku za kusi sakafu ilitoka jasho. Hakuna aliyeimwagia maji. Ilijilowesha yenyewe, ikawa na utando mwembamba usioonekana mpaka mguu uukute. Ndivyo Bi Mwanarusi alivyoanguka masika ya mwaka uliopita. Kiuno kilipona. Woga haukupona, na kwa majirani hakwenda tena. Walijaribu kutandika mikeka, mikeka ikateleza pamoja na mtu. Walijaribu magunia, yakanyonya maji yakaoza. Tangu hapo mama wa fundi alivuka sakafu ya fundi kwa makalio, na fundi mwenyewe hakujua. Boga alilala kazini Diani wiki nzima akarudi nyumbani Alhamisi, na siku alizokuwapo, mama yake alikaa kitini asubuhi mpaka jioni, akingoja mwanawe atoke kwenda msikitini ndipo ajivute kwenda haja.

Ilikuwa miaka ile ya hali ya hatari kule bara, na wazungu wa mashambani walikuwa wameanza kujijengea nyumba za mapumziko katika ufuo wa Diani. Usiku mmoja wa Alhamisi, wakila, mtoto wao Chiku amekwisha kulala, Boga aliwasimulia kazi mpya aliyopewa.

"Wananikataza kupiga niru," alisema, akicheka. "Wanataka zege likianza kushika tu, nilisugue kwa brashi na maji, ule uji wa juu uondoke, vijiwe vitokeze. Ati mtu akitoka kuogelea asiteleze. Na ati chumvi ya bahari haipati pa kubambua. Unafanya kazi nzuri, kisha unaiharibu kwa brashi!"

Esha hakucheka. "Na kweli hawatelezi?"

"Watateleza wapi? Ni kama kukanyaga vijiwe vya mtoni."

"Basi, Baba Chiku, si uje uifanye hapa?"

Boga aliacha kutafuna. "Hapa? Barazani kwangu? Watu waseme Boga ameishiwa saruji?"

"Mama alianguka hapa."

"Alianguka mara moja, na amepona. Si umepona, mama?"

Bi Mwanarusi alikuwa hajainuka kitini tangu mwanawe aliporudi. "Nimepona," alisema. "Sakafu ya mwanangu haina dosari."

Esha alimtazama, na mama mkwe akaitazama taa. Kulikuwa na neno moja tu la kusema, nalo lingekwisha kabla tonge halijapoa, lakini alikuwa ameapa. Aliinuka akaenda uani kuosha vyombo ambavyo alikwisha kuviosha.

Kilichomchosha si kumbeba mama mkwe. Bi Mwanarusi alikuwa amekonda, na Esha alizaliwa Bongwe, katika watu wa jembe na mizigo ya kuni. Kilichomchosha ni kwamba watu wawili walikuwa wakilindana kwa mgongo wake. Mama alimlinda mwana asijue, mwana aliilinda kazi iliyompa mama heshima, na yeye aliyekuwa kati yao ndiye aliyeonekana mwenye tamaa ya mambo ya kizungu. Nyakati nyingine, akiwa na uzito ule mgongoni, alijikuta akimchukia Boga kwa kitu ambacho hakuwahi kuambiwa. Kisha alijichukia mwenyewe kwa kumchukia, na choo bado kilikuwa mbali.

Alijaribu tena wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Boga alimjibu kwa upole mara ya kwanza, kwa mzaha mara ya pili, kisha akaacha kumjibu.

Asubuhi moja mvua ilinyesha kwa upepo, ikaingia barazani hata ukumbini. Esha alimbeba Bi Mwanarusi kama kawaida. Walikuwa wamekaribia mlango wa uani mguu wake ulipomtoka. Hakuwa na wakati wa kupiga kelele. Alijipindua asimwangukie mzee, akapokea sakafu kwa mkono wa kushoto, akasikia kifundo kikilia ndani yake kama kijiti kibichi.

Wakalala pale wote wawili, mvua ikiwanyunyizia. Bi Mwanarusi ndiye aliyesema kwanza.

"Sakafu haikupasuka?"

Esha alidhani amesikia vibaya. Aligeuza kichwa, akamwona mama mkwe akipapasa ile saruji nyekundu kwa kiganja, akiikagua.

Aliinuka. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe alimwacha Bi Mwanarusi chini, akaenda pembeni kwenye sanduku la Boga, akatoa nyundo. Alirudi akapiga magoti katikati ya ukumbi, akapiga. Nyundo iliruka ikamrudishia mtetemo mpaka begani. Palipopigwa palibaki alama nyeupe, ndogo kama punje ya mchele. Akapiga tena.

"Esha! Una wazimu?"

Alipiga tena, na tena, na sakafu ikawa haimjali. Hilo ndilo lililomliza. Mtu aliyeimimina aliimimina vizuri; kila pigo lilimwambia jinsi mumewe alivyokuwa fundi. Alilia kwa sauti, kamasi zikimtoka, mkono wa kushoto ameupakata kifuani.

"Leo nimeanguka mimi, mama," alisema. "Mimi! Huulizi mkono wangu, unauliza sakafu!"

Bi Mwanarusi alikitazama kile kifundo. Kilikuwa kimekwisha kuvimba, ngozi imevutika ikang'aa. Mvua ilipungua, ikabaki michirizi ya makuti tu.

"Hapo katikati ni pagumu," alisema hatimaye. "Alipashindilia mwenyewe kwa miguu, nilimwona. Anzia mlangoni kwangu. Saruji ilimpungukia pale, ni pembamba."

Esha alimkodolea macho.

"Na uchukue patasi," mama mkwe akaongeza. "Nyundo peke yake utamaliza mwaka."

Bi Mwanarusi mwenyewe ndiye aliyemshikia patasi, maana Esha alikuwa na mkono mmoja tu. Walifanya kazi hivyo, mmoja akishika, mwingine akipiga. Adhuhuri ikamkuta Esha kwa mganga wa mifupa, akifungwa mkono kwa vijiti na kitambaa. Ukumbi ulikuwa umetoboka kuanzia mlango wa mama mkwe mpaka karibu na uani, vipande vyekundu vimetapakaa kama vigae.

Boga alifika alasiri ya Alhamisi. Aliegemeza baiskeli ukutani, akavua viatu kwa mazoea, akaingia. Esha alisikia nyayo zake zikisita kwenye kifusi.

"Nani?" aliuliza.

"Mimi."

Boga aliokota kipande kimoja, akakigeuza, akaupangusa uso wake mwekundu kwa kidole gumba. "Kwa nyundo yangu?"

"Kwa nyundo yako."

"Mimi niko juani nakutafutia riziki, wewe unanivunjia nyumba." Sauti yake haikupanda, nayo ilikuwa mbaya zaidi kwa kutopanda. "Nimekukosea nini, Mama Chiku? Niambie. Kama ni vijiwe vya wazungu tu, niambie ni vijiwe tu, nijue nimeoa mtu gani."

Esha alifungua kinywa. Mkono ulimuuma, na lile neno lilikuwa pale pale lilipokuwa siku zote. Akafunga kinywa.

Mlango wa chumba cha Bi Mwanarusi ukafunguka. Alikuwa ameketi chini. Alitoka akijivuta kwa viganja juu ya kifusi, leso imekunjwa kiunoni, akipita katikati ya mwanawe na mkaza mwanawe bila kumtazama yeyote.

"Mama!" Boga alimkimbilia. "Umeanguka?"

"Sikuanguka. Ndivyo ninavyokwenda."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoanguka." Boga akainama amnyanyue, naye akamsukuma mkono. "Niache nifike. Wewe tazama tu."

Boga alitazama. Mama yake alijivuta mpaka kwenye sehemu nzima iliyosalia, pale sakafu ilipokuwa bado inang'aa, na pale akaenda taratibu zaidi. Alipofika kizingiti cha uani alipumzika. Boga aligeuka akamtazama Esha, akauona ule mkono uliofungwa, kana kwamba ndio kwanza umetokea. Alitoka nje, asirudi mpaka baada ya swala ya isha, na chakula hakukigusa.

Kesho yake baada ya swala ya Ijumaa alikwenda mto Mkurumuji akarudi na gunia la vijiwe vya mtoni juu ya baiskeli. Akaenda tena, akaleta mchanga wa mtoni pia, kwani wa ufuoni una chumvi. Jirani yao Iddi alisimama ugoni. "Fundi, vipi? Saruji imekwisha?"

"Haikwisha," Boga alijibu, akalishusha gunia.

Ilibidi sakafu yote ivunjwe, hata ya barazani. Siku ya kumimina, Esha alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa akimtazama. Boga alisawazisha zege kwa ubao, akamwaga vijiwe juu, akavishindilia vikazama nusu. Kisha akachukua mwiko wake wa kupigia niru. Mkono wake ukaanza kuzunguka, mwepesi, wa madaha, na uji wa saruji ukapanda ukavifunika vijiwe kimoja baada ya kingine.

"Baba Chiku."

Boga alisimama. Aliutazama mwiko kana kwamba amewekewa na mtu. "Mkono umezoea," alisema.

Kipande cha kwanza alikiosha mapema mno. Vijiwe vilibiringika kwenye maji, vikaacha mashimo. Boga alitoa tusi, akaitupa brashi, ikagonga ukuta wa jikoni. Esha alikwenda akaiokota, akaisuuza, akamletea.

"Diani havitoki hivi," alisema Boga.

"Diani huna hasira."

Aliipokea brashi. Wakangoja. Kila mara alibonyeza zege kwa kidole gumba, akatikisa kichwa. Safari hii, alipobonyeza na kidole kisiache shimo, alinyunyiza maji akaanza kusugua. Uji wa kijivu ulichuruzika, na vijiwe vikachomoza, vingine vyeupe, vingine vya rangi ya kutu, vimekaa imara kama meno kwenye ufizi. Boga aliinama akavitazama, wala uso wake haukufurahi.

"Ni kama haijakwisha."

"Imekwisha."

"Imekwisha?"

"Imekwisha, Baba Chiku."

Waliifunika kwa magunia yaliyoloweshwa maji ya kisima cha mbali kisicho na chumvi, mpaka ikashika barabara.

Asubuhi waliyoifunua, manyunyu yalikuwa yakianguka. Bi Mwanarusi alisimama mlangoni kwake akishikilia mwimo. Esha alikwenda akachuchumaa mbele yake, akampa mgongo, na mama mkwe akampiga kofi dogo begani kumwondoa njiani. Aliteremsha mguu mmoja. Akauacha pale, vidole vikiwa vimekunjamana. Kisha akaleta wa pili.

"Inachoma," alisema.

"Ni mawe ya mtoni, mama. Ni mviringo."

"Mviringo! Ukiwa na miguu yangu ndipo utajua mviringo." Aliuachia mwimo. Akapiga hatua, mkono ukielea karibu na ukuta bila kuugusa. "Hata mkeka hautalala sawa hapa. Na wageni nitawaketisha wapi? Nyekundu yangu nzuri ile..."

Alipita ukumbini akilalamika, akapita barazani akilalamika, akateremka uwanjani. Esha alibaki amechuchumaa, kisha akajinyoosha polepole. Mgongo haukuwa na mtu, naye hakujua ausimamishe vipi.

Boga alitokea uani na brashi mkononi. "Anasema nini?"

"Anasema inachoma."

Boga aliinamisha kichwa. Kisha akauliza, "Anasema akiwa wapi?"

Esha alisikiliza. Sauti ya Bi Mwanarusi ilikuwa inatoka upande wa pili wa ugo, inapanda, na mke wa Iddi alikuwa anacheka.

"Kwa kina Iddi," alisema.