Picha Inayovuja

Wakili alimpigia mchoraji simu asubuhi, kabla hajamaliza chai yake. Ile picha ya zamani aliyoinunua kwake, ya watoto wanne waliolala chini ya bati, ilikuwa inavuja. Zulia lilikuwa limelowa chapachapa.

"Inavujia pale juu, kwenye kona?" mchoraji aliuliza.

"Hapohapo. Mama, njoo leo. Jambo kama hili halingoji kesho."

Alikwenda na brashi zake. Sebuleni walikuwa wameshakinga beseni, na matone yalidondoka moja moja, bila haraka. Mlio wake aliujua. Masika yote ya mwaka ule, yeye na ndugu zake watatu wakiwa bado watoto, marehemu mama yao alikuwa akimwendea mwenye nyumba kuomba bati lizibwe, naye akimwambia njoo kesho, njoo kesho kutwa. Chumba kilikuwa kimoja, pa kusogea hapakuwapo. Basi dada mtu, ndiye huyu mchoraji, akatoa shauri: kitinda mimba alale pale panapovuja, maana kikojozi ataamka kalowa tu, inyeshe isinyeshe. Wote walicheka, na mtoto mwenyewe akacheka. Masika yalipokwisha, walikuwa wamebaki watatu.

Alipanda kwenye kiti, akachora kiraka juu ya tundu. Kazi yenyewe haikuzidi muda wa chai kupoa. Matone yakakatika, wakili akashukuru, beseni likaondolewa.

Mchoraji hakushuka. Alichanganya rangi nyekundu, akamchorea mdogo wake blanketi jipya, zito, akamfunika hadi kidevuni. Alitaka kitu kimoja tu duniani, mtoto yule alale mkavu.

"Dada," mtoto alisema kutoka ndani ya picha, "limelowa."

"Litakauka, mdogo wangu. Rangi ya mafuta huchelewa."

Kiraka kilikauka, ukuta ukakauka. Kila Jumamosi mchoraji alipita kuligusa blanketi, na kila mara kidole kilirudi chekundu, kinachuruzika maji ya baridi. Wakili alizoea. Kilichomkera ni kikohozi cha mtoto yule wa pichani, hasa akiwa na wageni, na mwishowe picha akaihamishia stoo.

"Usijali, mama," alimwambia mchoraji mlangoni. "Kule ni saruji tupu. Hata akilowa, hakuna kinachoharibika."

Maneno kama hayo mchoraji ndiye aliyeanza kuyasema, masika yale. Akaomba ufunguo wa stoo, akaenda kuligusa blanketi.